Mvua Hupimwa Pale Inaponyesha

(Hotuba iliyotolewa Tarime mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)

Ndugu Mwenyekiti, Mkuu wa Shule, walimu wetu, na ninyi ndugu zangu mliokula ugali na maharage katika bwalo hili hili:

Nilipoombwa kusema machache niliambiwa nichague somo lolote isipokuwa siasa. Nimechagua mvua. Huenda baadhi yenu mtasema kwamba mtumishi wa serikali huzungumzia hali ya hewa anapokosa la kusema. Nawaomba mnivumilie, kwani nina deni mbele yenu, na deni lenyewe ni la mvua.

Mtakumbuka ule uzio mdogo wa waya, na ndani yake kipima mvua. Mwalimu wetu wa jiografia alitupangia zamu. Kila siku saa 3 asubuhi mwenye zamu alimimina maji katika gilasi yenye mistari, akasoma milimita, akaandika katika daftari. Alitufundisha kwamba milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba. Kwa hiyo milimita 20 katika hekta moja ya mahindi ni lita 200,000. Tulicheka, tukidhani anatia chumvi. Pigeni hesabu wenyewe.

Mwaka 1997 ulikuwa mwaka wa El Niño. Vuli ile mvua haikujua kupumzika. Hata mwaka 1998 ulipoingia bado ilikuwa ikinyesha. Asubuhi moja ya zamu yangu ilikuwa ikimwagika, nami sikuwa na mwavuli. Nikabaki bwenini, nikaandika 12. Kwa nini 12? Niliona ina sura ya ukweli. Mchana Mwalimu alikwenda mwenyewe akakuta chombo kimejaa kuliko uongo wangu. Hakunichapa. Aliikata ile 12 kwa wino mwekundu, akaacha nafasi wazi. Alisema maji ya jana na ya leo yamekwisha changanyika, na hakuna fundi wa kuyatenganisha. Pengo lile lilibaki katika daftari mpaka nilipomaliza shule.

Sasa niwaeleze kwa nini pengo lile si jambo dogo katika wilaya zetu hizi mbili, Tarime na Serengeti.

Mvua zetu ni za misimu miwili: vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na masika, kuanzia Machi hadi Mei. Misimu hiyo hufuata ukanda wa mvua unaosafiri pamoja na jua kwenda kaskazini na kurudi kusini. Lakini sisi tuna jirani mwenye mambo yake, yaani Ziwa Viktoria. Mchana jua hupasha nchi kavu upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda, na hewa yenye unyevu hutoka Ziwani kuja kuchukua nafasi yake. Inapofika huku juu hukutana na pepo za mashariki. Zikikutana milimani, hewa haina njia ila kupanda. Ndiyo maana saa 6 mchana unaona wingu jeupe linakua kama mnara, na saa 9 radi zinapiga na mvua ya mawe inachana migomba na kahawa. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, upepo huelekea Ziwani, na dhoruba huwavizia wavuvi wa Shirati na Musoma karibu na alfajiri.

Ukitoka kwenye milima ya Tarime kuelekea Serengeti, mvua hupungua kadiri unavyokwenda. Ndani ya Hifadhi yenyewe, kaskazini magharibi hupata kiasi cha milimita 1,200 kwa mwaka, na uwanda wa kusini mashariki, uliokingwa na milima ya Ngorongoro, kiasi cha milimita 500 tu. Nyumbu zaidi ya milioni moja wanaijua tofauti hiyo. Mvua zikinyesha huenda kusini kwenye nyasi fupi. Kiangazi kikikaza hurudi kaskazini kwenye mto Mara. Mnyama haulizi mvua imenyesha kwa nani. Huenda palipo na majani.

Mimi, ndugu zangu, pamoja na shahada yangu ya Chuo Kikuu, nilishindwa na nyumbu. Mwaka mmoja mwezi wa Oktoba nilikuwa likizo hapa Tarime. Mvua nzuri ilinyesha siku tatu mfululizo. Nikampigia simu kaka yangu anayelima upande wa Mugumu, nikamwambia, "Kaka, panda, vuli imeingia." Kwake yalikuwa yameanguka manyunyu ya kulainisha udongo tu. Lakini aliniamini, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa nyumba. Akapanda. Kisha jua likawaka wiki tatu. Mbegu zilizochipua zilikauka, na zilizobaki zikaliwa na mchwa. Akauza mbuzi wawili ili anunue mbegu nyingine. Nilipokwenda kumwomba radhi alinijibu kwa upole, "Mdogo wangu, ulinitumia mvua ya kwako." Sijapata kukemewa kwa maneno machache kuliko hayo.

Kwa mara ya pili niliandika 12. Mara ya kwanza nilibuni namba. Mara ya pili nilichukua namba ya mahali pengine.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli, lakini mawingu hayajazi kipimo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa vuli na wa masika kabla ya misimu kuanza, na ni wajibu wetu kuusikiliza. Hata hivyo utabiri hauwezi kumwambia mkulima ni milimita ngapi zimeanguka jana katika shamba lake. Hilo ni la aliyeko pale.

Na kazi hii si ya siku moja. Huko Uskoti, juu ya mlima Ben Nevis, waliwahi kuwapo watu waliopima hali ya hewa kila saa, mchana na usiku, katika dhoruba na theluji, tangu 1883 hadi 1904. Mlima huo ndio mrefu kuliko yote Uingereza, mita 1,345, na bado uko chini kuliko mji wetu huu wa Tarime. Namba zao zinatumiwa na wataalamu hata leo. Karibu na nyumbani, maji ya Ziwa Viktoria yamepimwa tangu mwisho wa karne ya 19. Mvua kubwa zilizoanza vuli ya 2019 zilipofurisha mwambao, tuliweza kusema bila kubahatisha kwamba Mei 2020 Ziwa lilipita kimo cha mwaka 1964. Tuliweza kwa sababu kuna watu tusiowajua waliokwenda kusoma kipimo kila siku, hata siku walipokosa mwavuli.

Kwa hiyo basi, Ndugu Mwenyekiti, nina ombi moja. Tuchangishane leo tununue vipima mvua, kimoja kwa shule hii, na vingine kwa shule za vijijini katika wilaya zote mbili. Visomwe kila siku saa 3 asubuhi, na siku kavu iandikwe 0, kwa maana 0 nayo ni habari. Mimi natoa kipima mvua cha kwanza pamoja na madaftari ya miaka kumi. Cha pili nimekwisha kukipeleka Mugumu. Kaka yangu hukisoma mwenyewe, na sasa ndiye anayenipigia simu mimi.

Na kwa wanafunzi mnaonisikiliza: siku utakapochelewa, usibuni namba. Acha pengo. Pengo halimdanganyi mtu.