Msumeno wa Injini Unapopungua Nguvu



Nilipokagua hesabu za chama kimoja cha msingi, niliona kwamba pistoni na silinda za msumeno wa injini zilinunuliwa mara mbili katika mwaka mmoja. Nikaelezwa kuwa msumeno umezeeka. Kumbe sivyo. Chujio la hewa lilikuwa limeziba kwa vumbi la mbao, injini ikakosa pumzi. Mwendeshaji akakaza skrubu ya kabureta ili kupunguza mafuta, nguvu zikarudi. Baadaye chujio lilisafishwa, lakini skrubu haikurudishwa. Hewa ikazidi mafuta. Na kwa kuwa oili ya injini hii huingia pamoja na petroli, pistoni ikakauka na kuungua.

Kwa hiyo nawasihi mfuate utaratibu huu, injini ikiwa imezimwa na kupoa.

Kwanza, tazameni mnyororo. Ukitoa unga badala ya vipande vya mbao, meno ni butu. Injini haina kosa.

Pili, safisheni chujio la hewa.

Tatu, mwageni mafuta yaliyokaa muda mrefu. Mashine nyingi hutumia mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli, lakini baadhi ya zile za zamani huhitaji mililita 200. Fuateni kitabu cha mashine. Kagueni chujio la ndani ya tangi na mpira wa mafuta, usiwe na ufa. Pia tundu la hewa la tangi likiziba, injini hufifia baada ya muda mfupi.

Nne, fungueni plagi. Rangi ya kahawia ni njema. Nyeusi yenye masizi yaonyesha mafuta au oili imezidi. Nyeupe ni dalili ya hatari, mafuta ni machache.

Tano, ondoeni masizi katika wavu wa ekzosi.

Yote hayo yakiwa sawa, na injini bado inasita mnapoongeza mafuta, hapo ndipo kabureta ipelekwe kwa fundi. Lakini kamba ya kuwashia ikivutika kwa wepesi usio wa kawaida, huenda pistoni imelika.

Ndugu zangu, kila msumeno uwe na daftari lake, na anayegusa skrubu aandike tarehe na jina. Chujio husafishwa bure. Pistoni hununuliwa kwa fedha za wenye hisa.