Nani Anashika Daftari? Faida na Hasara ya Tangazo la Mtandaoni

Wafanyabiashara mliofunga maduka mapema ili mje hapa, nianze na hesabu, maana najua ndiyo iliyowaleta.

Tuchukue dada anayeuza madera Instagram. Nimembuni kwa ajili ya leo, ila naona baadhi yenu mmeshamtambua. Dera analichukua Kariakoo kwa shilingi 22,000 na kuliuza 35,000. Bodaboda wa kulipeleka anamlipa yeye, 3,000. Mfuko na makato ya kutoa pesa kwenye simu, 1,000. Kinachobaki ni 9,000. Mwezi huu amelipia tangazo la 300,000, na kodi pamoja na makato ya kadi vimelifikisha 360,000. Waliotoka kwenye tangazo wakaja WhatsApp na kununua ni 60. Mauzo, 2,100,000. Anagawa kwa 300,000, anapata saba, anampigia shoga yake: kila shilingi imerudi saba!

Haijarudi saba. Madera 60 kwa 9,000 ni 540,000. Ukitoa 360,000 zinabaki 180,000. Ni faida, na si haba. Lakini kugawa mauzo kwa gharama ya tangazo, kipimo kinachosifiwa kwenye semina nyingi za biashara mtandaoni, hakujui mzigo ulinunuliwa bei gani. Muuza simu ambaye faida yake ni asilimia 5 ya bei, akiipata saba hiyo hiyo, kila shilingi aliyotangazia imemrudishia senti 35.

Hilo ni jepesi, mhasibu yeyote angewaambia. Ugumu uko kwingine: kati ya wale 60, wangapi wangenunua hata kama tangazo lisingekuwepo? Ili asipate wala asipoteze, dada yetu anahitaji watu 40 walioletwa na tangazo lenyewe. Wakiwa 30, amepata 270,000 na kuingia hasara ya 90,000, na hesabu aliyomsomea shoga yake bado ni saba.

Nendeni Stendi ya Magufuli, Mbezi, mkamtazame mpiga debe. Anamshika mkono abiria ambaye tiketi iko mfukoni, anamsindikiza hadi mlango wa basi, kisha anamdai kondakta chake. Mtandao wa kijamii unafanya hivyo bila nia mbaya. Tukiuagiza ututafutie wanaoelekea kununua, unawatafuta kweli: aliyechungulia ukurasa wako jana, aliyeuliza bei wiki iliyopita, aliyenunua Idi iliyopita. Hao walikuwa njiani tayari. Kwa mwenye tovuti ya mauzo, mpangilio wa kawaida wa Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, huhesabu kuwa ni matunda ya tangazo ununuzi uliofanyika ndani ya siku saba baada ya kubofya, au siku moja baada ya kuliona tu. Kwa anayeuzia WhatsApp na kupokea pesa kwa simu, mtandao mara nyingi huona mazungumzo yaliyoanzishwa, basi. “Bei?” “Mpo wapi?” Kisha kimya. Hayo nayo yameandikwa kuwa matokeo.

Mali bila daftari hupotea bila habari, ndivyo tulivyofunzwa. Sasa daftari lipo, tena lina grafu za rangi, ila analishika anayetuuzia tangazo. Septemba 2016 Facebook ilikiri kwamba kwa takribani miaka miwili wastani wake wa muda wa kutazama video ulikuwa umekuzwa, kwa kuwa waliotazama chini ya sekunde tatu waliachwa nje ya hesabu.

Dawa inayojulikana ni kuzima tangazo. Mwaka 2012 eBay, soko la mtandaoni, ilijaribu kusitisha matangazo ya kulipia kwenye injini za kutafutia yaliyofungwa kwenye jina lake yenyewe. Karibu wageni wote waliopotea walirudi kupitia matokeo ya bure. Hayo hayakuwa matangazo ya mitandao ya kijamii, nakubali. Lakini mwaka 2019 mtafiti Brett Gordon na wenzake walichapisha uchambuzi wa majaribio 15 ya Facebook nchini Marekani, ambamo watu walipangwa kwa bahati nasibu: wengine walengwe na tangazo, wengine walikose. Walipolinganisha majibu ya majaribio hayo na yale ya mbinu za takwimu zisizo na jaribio, hayakupatana mara nyingi, ingawa takwimu zilikuwa nyingi kupindukia.

Msitoke hapa mkidhani kuzima ni rahisi. Watafiti Randall Lewis na Justin Rao, mwaka 2015, walipitia majaribio makubwa 25 ya kampuni za Marekani na kukuta kwamba hata kampuni yenye mamilioni ya wateja haioni vizuri kama imepata au imepoteza, kwa sababu manunuzi ya watu hupanda na kushuka kwa sababu nyingine chungu nzima. Dada mwenye wateja 60 hawezi kutofautisha 30 na 40 kwa mwezi mmoja. Anayemwambia anaweza, anamuuzia kitu.

Anachoweza ni kurudiarudia. Wiki mbili tangazo liende Mwanza, Arusha lizimwe, kisha abadilishe, akikwepa Ramadhani na Idi, na kila zamu iwe na siku za mshahara zinazolingana. Ahesabu oda zote za kila mkoa, si zile tu zilizotoka kwenye tangazo. Kuuliza “umetuona wapi?” kunasaidia kidogo, watu husahau, na wengine hujibu lolote ili watajiwe bei.

Baada ya zamu kadhaa huenda akakuta ni 30 kweli. Asikimbilie kufunga akaunti. Kati ya hao 30, kumi wakirudi mara moja tu bila kutangaziwa tena, na bila lile tangazo la kwanza wasingemjua, wameleta 90,000 na hasara imefutika; wakirudi ishirini, tangazo limelipa. Hilo halionekani kwenye ripoti ya mwezi ya mtandao wowote. Linaonekana kwake, akiandika namba ya simu ya kila mteja na tarehe ya oda yake ya kwanza.