Mahabusu na Haki ya Kusikilizwa

KHUTBA YA KWANZA

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Hakimu wa mahakimu, asiyedhulumu hata uzito wa chembe. Sala na salamu zimfikie Bwana wetu Muhammad, aliyetumwa kuwa rehema kwa walimwengu wote, na jamaa zake na masahaba zake, na kila mwenye kufuata nyayo zao kwa wema. Amma baad.

Enyi Waislamu mliohudhuria, na nyinyi mnaotusikiliza majumbani na madarasani, nakuusieni na naiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Na katika kumcha Mungu uko mlango mmoja ambao wengi wetu tumeusahau, nao ni kuogopa kumfunga mtu bila ya haki, na kuogopa kumwacha ndani mtu ambaye hajasikilizwa.

Ndugu zangu, tukisome tena kisa cha Nabii Yusuf (A.S.) na tukizingatie. Yusuf alituhumiwa jambo zito. Ushahidi ulipotazamwa, kanzu yake ilionekana imechanika kwa nyuma, nayo ilikuwa dalili kwamba alikuwa akikimbia, si akishambulia. Dalili hiyo waliiona kwa macho yao. Pamoja na hayo Qurani inatueleza kuwa waliona afadhali wamfunge kwa muda, ili maneno ya watu yatulie. Hilo ni la kwanza. La pili, yule mwenzake wa gerezani aliyetoka salama, ambaye Yusuf alimwomba amtaje mbele ya bwana wake, alisahau. Na kwa kusahau huko mtu asiye na kosa akakaa ndani miaka kadhaa. La tatu ndilo kubwa kuliko yote. Mfalme alipompelekea mjumbe ili atoke, Yusuf hakuharakisha kutoka. Alimrudisha mjumbe, akataka kwanza ichunguzwe kesi ya wale wanawake waliojikata mikono. Hakuridhika kutoka kwa hisani ya mfalme. Alitaka haki yake ijulikane.

Enyi Waislamu, kusamehewa na kusikilizwa ni vitu viwili mbalimbali. Anayesamehewa ni mwenye kosa. Asiye na kosa anastahiki kusikilizwa.

Wanachuoni wetu walilifahamu jambo hili mapema. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, katika kitabu chake Minhaj, ambacho wanafunzi wa madhehebu yetu ya Shafii wanakijua, ameeleza adabu za kadhi anapoingia kazini. Jambo la kwanza kadhi kulitazama ni watu wa kifungoni, na mambo ya mayatima na wasimamizi wao yanafuata baada yake. Anayekiri kuwa amefungwa kwa haki ataendelea na kifungo chake. Anayesema amefungwa kwa dhuluma, basi ni juu ya mshitaki wake kuleta hoja. Na mshitaki akiwa mbali, aandikiwe barua aje. Hivyo mzigo wa kuthibitisha haukuwekwa juu ya yule aliyefungwa.

Na kabla yake, Kadhi Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa, alimwandikia Khalifa Harun al-Rashid kitabu juu ya kodi na uongozi. Humo alimnasihi wafungwa walishwe na kuvishwa kwa mali ya umma, wala wasitolewe na minyororo yao kwenda kuomba chakula njiani. Akamweleza pia kwamba wafungwa wamekuwa wengi kwa sababu mambo yao hayatazamwi, na akamshauri awaamrishe maliwali wake wayatazame kila siku. Nasaha hiyo ilitolewa zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, na mtu angedhani imeandikwa juzi.

Wala msidhani kuwa Uislamu unakataza kumzuia mtuhumiwa. Imepokewa kutoka kwa Bahz bin Hakim, kwa baba yake, kwa babu yake, kuwa Mtume (S.A.W.) alimzuia mtu kwa tuhuma, kisha akamwachia. Wote wawili, Abu Daud na Tirmidhi, wameitaja. Kuzuia kupo, basi, lakini kuna mwisho wake.

Sasa tuitazame nchi yetu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 13, imekataza mtu aliyeshitakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Na katika ibara ya 107A imeziagiza mahakama zisicheleweshe haki bila ya sababu ya msingi. Hayo ni maneno mema, na Muislamu hana neno la kuyapinga. Lakini Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 imeyataja makosa ambayo mshitakiwa wake hapati dhamana kabisa, kama vile mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha. Mwezi Mei mwaka 2020 Mahakama Kuu ilitamka kuwa katazo hilo linapingana na Katiba. Mwezi Agosti mwaka ule ule Mahakama ya Rufani ikalitengua tamko hilo, na sheria ikabaki kama ilivyokuwa. Kwa hiyo mwenye kuweza kuibadilisha ni Bunge.

Na viongozi wetu hawakulifumbia macho jambo hili. Tarehe 31 Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Tume ya kuangalia namna ya kuboresha taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na mwezi Julai mwaka huo Tume ikamkabidhi taarifa yake. Hata kabla ya hapo Bunge lilikwisha kutunga Sheria ya Bodi za Parole mwaka 1994, na Sheria ya Huduma kwa Jamii mwaka 2002, ambayo kwayo mtu anayestahili kifungo kisichozidi miaka 3 anaweza kuamriwa afanye kazi ya manufaa kwa umma, naye akalala kwake na watoto wake.

Tena iko misamaha. Tarehe 9 Desemba 2019 Rais John Magufuli aliwasamehe wafungwa 5,533. Na katika sikukuu ya Muungano ya mwaka 2021 Rais Samia aliwasamehe 5,001, baadhi yao wakaachiwa na wengine wakapunguziwa vifungo. Hiyo ni rehema, na rehema inapendwa na Mwenyezi Mungu. Lakini zingatieni, ndugu zangu: ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kumsamehe aliyekwisha kupatikana na hatia. Mahabusu hajapatikana na hatia, kwa hiyo msamaha huo haumfikii. Mwizi aliyehukumiwa anaweza kutoka siku ya sikukuu, na jirani yake wa chumba kile kile, ambaye huenda hakuiba kitu, akabaki akingoja upelelezi ukamilike. Huyu dawa yake ni moja tu: kesi yake isikilizwe.

Enyi watu wa Singida, msiseme kuwa haya ni mambo ya Dodoma na Dar es Salaam. Kwa miaka mingi mkoa wetu ulikuwa chini ya Kanda ya Dodoma ya Mahakama Kuu, na kesi ya mauaji kwa kawaida husikilizwa na Mahakama Kuu. Tumchukulie mtu wa kijiji kimoja cha Mkalama au Ikungi. Anapelekwa mahakamani kwa karandinga, kesi yake inatajwa, upelelezi bado, anarudishwa. Mkewe ameuza debe la alizeti apate nauli ya kuja kumwona kwa mbali, na mara ya pili ameuza kuku. Mara ya tatu haji tena, kwa kuwa cha kuuza hakuna.

Na ni nani aliyemfikisha pale? Mara nyingine ni kosa lake mwenyewe, na mwenye kosa astahimili adhabu yake. Lakini mara nyingine ni ulimi wetu. Watu wawili wamegombana kwa ajili ya malisho au mpaka wa shamba. Mmoja anakwenda kituoni kuandikisha maelezo, na katika maelezo yake anaongeza kuwa alinyang'anywa fedha na kutishiwa kwa panga. Panga halikuwako. Neno hilo moja linageuza ugomvi kuwa unyang'anyi wa kutumia silaha; dhamana inaondoka, na adhabu iliyo mbele, hatia ikithibitika, ni kifungo kisichopungua miaka 30. Ewe ndugu, umeongeza neno moja, nawe umeondoa miaka 30 ya mtu! Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Surat An-Nisaa tusimamie uadilifu katika ushahidi, hata ukiwa juu ya nafsi zetu au wazazi wetu. Na katika Surat Al-Maida ametuonya chuki juu ya watu isitupeleke kwenye kutotenda haki. Mtume (S.A.W.) naye ameuhesabu ushahidi wa uongo pamoja na madhambi makubwa kabisa.

Wala tusimsahau aliyeibiwa, wala mjane wa aliyeuawa. Naye ana haki, na kucheleweshwa kesi kunamdhulumu pia, kwa maana mashahidi huhama, wengine hufa, na wengine husahau waliyoyaona. Kesi inayosikilizwa mapema inawapa haki wote wawili.

Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwangu na kwenu na kwa Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wake mwaminifu.

Enyi Waislamu, yako mambo manne ambayo kila mmoja wetu anaweza kuyafanya pasipo kungoja sheria mpya.

La kwanza, ukiitwa kutoa ushahidi, nenda. Shahidi asiyefika ndiye anayeahirisha kesi, na kila kesi inapoahirishwa mtu anarudishwa ndani.

La pili, msiogope kumdhamini mtu mnayemjua kwa uaminifu. Wako mahabusu wenye mashtaka yanayodhaminika, nao wamo ndani kwa kuwa tu hawakupata mdhamini. Wanafiqhi wanaposomesha mlango wa dhamana hukitaja kisa cha Nabii Yaaqub, aliyechukua ahadi ya wanawe kuwa watamrudisha ndugu yao. Kumdhamini mtu ni amana: umfikishe mahakamani siku yake, wala usimfiche.

La tatu, watazameni waliobaki nyumbani. Mwenyezi Mungu amewasifu wanaomlisha maskini, yatima na mfungwa. Mtoto wa mahabusu hana kosa lolote. Asikose daftari wala chakula, na asitukanwe madrasa kwa ajili ya baba yake. Na aliyetoka gerezani apokewe. Yusuf aliwaambia ndugu zake waliomtupa kisimani kuwa hapana lawama juu yao. Basi sisi tuna haki gani ya kumlaumu milele aliyekwisha timiza kifungo chake?

La nne, mtuhumiwa akikamatwa kijijini, afikishwe mbele ya sheria, wala asipigwe wala kuchomwa moto. Anayeua mtuhumiwa amejifanya polisi, hakimu na mnyongaji kwa pamoja, naye kesho Akhera atadaiwa damu.

Na enyi waheshimiwa Wabunge, mtakapozungumza habari za dhamana na upelelezi, mkumbukeni yule aliyesahauliwa na mwenzake akakaa gerezani miaka. Msiwe nyinyi mliotoka mkasahau.

Ewe Mola wetu, wafungulie waliofungwa kwa dhuluma, na waongoze kwenye toba waliofungwa kwa haki. Waongoze mahakimu wetu, wapelelezi wetu na askari wa magereza wahukumu na walinde kwa uadilifu. Zihifadhi ndimi zetu na ushahidi wa uongo. Wape subira wake na watoto wanaongoja, na wape haki yao waliodhulumiwa. Ijaalie nchi yetu amani na baraka, na utughufirie sisi na wazazi wetu na Waislamu wote, walio hai na waliokufa. Amin.

Simameni kwa sala, Mwenyezi Mungu akurehemuni.