UANAGENZI WA HAKIKA
Hotuba ya mwashi mmoja mbele ya wanachama wa visiwani wakaao Igogo, Mwanza



Nimetakiwa niseme juu ya vijana wetu watokao Unguja na Pemba kuja kushika mwiko katika mji huu wa majabali. Nitasema kwa ufupi, kwani mimi ni mwashi, wala si msemaji.

Mnaijua milima ya Igogo. Nyumba zimepandana juu ya mawe, na ukuta uliojengwa na asiyejua timazi huweza kumwangukia jirani wa chini mvua ikizidi. Basi kijana akikwambia, "Mimi ni mwanagenzi," usimwulize fundi wake ni nani. Muulize chuo chake ni kipi. Mwanagenzi wa hakika ana mguu mmoja chuoni na mmoja kazini, na baina yake pana mkataba ulioandikwa. Asiye na chuo ni saidia fundi. Si aibu kuwa saidia fundi, ila apewe ujira wake kamili. Mimi mwenyewe nilibeba zege miaka mitatu kwa nusu ya ujira, ati "unajifunza." Siku ya kuondoka nilidai hati, nikapewa barua yenye muhuri wa duka.

Muhuri, ndugu zangu, huchongwa mitaani. Kwa hiyo usitosheke na karatasi. Kiulize chuo chenyewe, kisha umwulize aliyekisajili. Hapa Bara, tangu mwaka 2021, mwenye kazi hiyo ni Baraza liitwalo NACTVET. Kwetu visiwani kuna Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, yenye vituo vyake Mkokotoni, Vitongoji na kwingineko. Hapa ndipo penye hatari: msimamizi akiitafuta hati ya Vitongoji katika daftari la Bara hataiona, na kijana mwenye haki ataitwa mwongo, arudishwe kubeba kokoto.

Na yule aliyejifunza kwa mikono tu, bila chuo? Huyo asijitie uanagenzi wa uwongo. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, humpima mtu kazini mwake na kumrasimishia ujuzi alio nao. Apimwe.

Bwana Katibu ana daftari pale mezani. Kila mwenye kijana kazini aandikishe leo jina la chuo na nambari yake, na barua za kuuliza zitoke Jumatatu.