Sehemu Yangu ya Ukuta

(Neno la asubuhi lililosomwa redioni. Somo: Nehemia 2:11–18 na sura ya 3)



Asubuhi hii nataka tuzungumze habari ya mtu na shule iliyomlea. Wengi wenu mnaonisikiliza mlisoma sekondari mahali fulani. Je, mmewahi kurudi huko? Na kama mlirudi, mlirudi kufanya nini?

Mimi nilisoma Soy, kwenye barabara itokayo Eldoret kwenda Kitale. Zamani nchi ile ilikuwa mashamba makubwa ya walowezi. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 watu walijiunga pamoja wakanunua mashamba, wakagawana ekari, wakapanda mahindi na kufuga ng'ombe wa maziwa. Kisha wakataka shule. Kama ilivyokuwa sehemu nyingi za Kenya siku zile za harambee, hawakungojea Serikali. Huyu alileta gunia la mahindi, yule akaleta mbao, na mama mmoja akatoa pesa zote za maziwa ya mwezi. Niliingia kidato cha kwanza mwaka 1979, katika chumba chenye mabati juu na udongo chini. Elimu yangu ilinunuliwa na watu ambao wengi wao hawakujua kusoma.

Nilimaliza mwaka 1982, nikapata kazi Nairobi. Mwaka 1994 nikaalikwa kuwa mgeni wa heshima Siku ya Wazazi. Nilifika kwa motokaa, nimevaa suti. Nikatoa shilingi elfu kumi kwa ajili ya maktaba, watu wakapiga makofi, na jina langu likachongwa katika jiwe ukutani. Jioni ile ile nikarudi Nairobi, na moyo wangu ukaniambia, "Umelipa." Sikurudi tena kwa miaka kumi na minne.

Tulikuwa na mwenzetu darasani ambaye mtihani haukumwendea vizuri. Akawa seremala pale Soy. Kila likizo, Aprili, Agosti na Desemba, alikwenda shuleni na msumeno wake na nyundo yake, akatengeneza madawati yaliyovunjika. Shule ilitoa misumari, yeye alitoa mikono. Jina lake halikuchongwa popote.

Ndipo yakaja machafuko baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Nyumba zilichomwa, majirani wakakimbiana, na maelfu ya watu wakakimbilia uwanja wa maonyesho ya kilimo mjini Eldoret, wakalala katika mahema. Shule ilipofunguliwa mwaka 2008, madawati mengi yalikuwa matupu. Mwalimu mkuu akanipigia simu. Aliniomba nije niseme na wanafunzi, hasa wale wa kabila langu, ili wenzao waliokimbia wapokewe kwa amani. Wapenzi, niliogopa. Niliwaza watu wetu watasemaje. Nikatuma pesa.

Yule seremala naye aliogopa, kama alivyoniambia baadaye. Lakini alikwenda. Barabara ilipopitika alipanda matatu mpaka Eldoret, akapita hema kwa hema akiwauliza watoto wa shule yetu. Hawakuwa wa kabila lake. Kila aliyemwona alimwambia neno moja: "Dawati lako lipo. Nimeandika jina lako chini yake. Hakuna atakayelichukua."

Wengine hawakurudi kamwe. Wengine walirudi, na wachache wa kidato cha nne wakafanya mtihani wao pale pale mwisho wa mwaka.

Niliposikia habari hiyo sikupata usingizi. Likizo ya Aprili nikasafiri. Nilimkuta amepiga magoti kando ya dawati lililopinduliwa. Nikamwambia, "Ndugu yangu, mimi nilituma pesa tu." Akajibu bila kuinua macho, "Tulizipata, ndugu. Tulinunulia misumari. Haya, shika hapa." Nikashika.

Sasa fungueni Nehemia. Mtu huyu alikuwa na kazi nzuri, mnyweshaji wa mfalme katika Shushani. Aliposikia kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomoka, alilia, akafunga, akaomba. Kisha akaenda mwenyewe. Na alipofika hakupiga mbiu. Alizunguka usiku na watu wachache, akautazama ukuta ulivyoharibika, kabla hajasema neno na mtu. Mimi mwaka 1994 nilisema kwanza, na kutazama sikutazama.

Sura ya tatu ni orodha ya majina, na wengi wetu huiruka. Msiiruke. Yumo mfua dhahabu na mtengeneza manukato, watu wasiozoea mawe. Yumo Shalumu pamoja na binti zake. Wengine walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Lakini mstari wa tano wasema kwamba wakuu wa Watekoa walikataa kuinamisha shingo zao kwa kazi hiyo. Wenyeji wa Tekoa walijenga, hata wakaongeza sehemu ya pili. Wakuu wao walisimama tu. Mstari huo ulinisoma mimi.

Tangu mwaka ule nimekuwa nikitumika katika bodi ya shule ile. Si kazi ya makofi. Ni kuhesabu magunia ya mahindi na maharagwe ambayo wazazi huleta wakikosa karo. Ni kwenda nyumbani kwa mtoto aliyeacha masomo, kuuliza kuna nini. Ni kuketi na wavulana wenye hasira kabla hasira haijawa moto bwenini. Ni kweli, mwaka 2008 Serikali ilianza kulipia masomo ya sekondari za kutwa, nasi twashukuru. Lakini mtoto mwenye moyo mzito hatembelewi na hundi. Hutembelewa na mtu.

Wewe uliyesoma, usidharau pesa, misumari yahitajika. Ila usitume pesa mahali Mungu anapokutuma wewe. Nenda shuleni kwako siku isiyo na sherehe. Mwulize mwalimu mkuu, "Ni nini kimevunjika hapa?" Kisha nyamaza usikilize. Na utakapopewa sehemu yako ya ukuta, hata iwe fupi, kaa nayo mwaka huu na mwaka ujao.

Tuombe. Ee Bwana, wewe hukutuma msaada kutoka mbali, ulikuja mwenyewe ukakaa kwetu. Utusamehe sisi tuliolipa kwa makofi. Wakumbuke watoto ambao madawati yao yangali matupu. Uinamishe shingo zetu kwa kazi yako, kwa ajili ya Yesu Kristo. Amina.