"Nikilala Ninazama"



Katika ushirika wetu hapa Kakamega yuko mama mmoja ambaye zamani alifika kanisani kabla ya kengele. Mwaka jana alianza kuchelewa. Akija, alikaa benchi la nyuma, na kabla mhubiri hajamaliza kusoma Neno alikuwa amesinzia. Shamba lake likaota magugu. Ndoo moja ya maji kutoka chemchemi ilimpumzisha mara tatu njiani. Sisi wazee wa kanisa tukanong'ona kwamba amepoa katika imani. Nasema "sisi" kwa sababu nami nilikuwamo.

Jioni moja, mvua ilipokatika, tulikwenda kumwonya. Tulimkuta ameketi kitandani, mito mitatu na gunia la nguo mgongoni. Nikamwuliza, "Mama, mbona hulali?" Akajibu, "Mwalimu, nikilala ninazama."

Hatukumwonya tena. Kesho yake tulimpeleka hospitali kuu, tukaelezwa kwamba moyo wake umeshindwa kusukuma damu vizuri. Moyo ukiwa hivyo, maji hukusanyika miguuni mchana. Usiku mgonjwa akijinyosha, maji yale hurudi katika damu na kulemea mapafu, naye huamka akitafuta pumzi kama mtu aliyeopolewa mtoni. Tena dawa ya kutoa maji, ikimezwa jioni, humwamsha kwenda choo mara kwa mara. Kunakucha hajalala. Mchana kichwa ni kizito, husahau mambo, jembe humshinda. Je, huo ni uvivu?

Someni Ayubu, sura ya 7. Yeye naye alilalamika jinsi usiku ulivyo mrefu kwa mtu anayegeuka-geuka hata alfajiri. Rafiki zake walimtafutia dhambi. Heri wangalibaki kama zile siku saba za kwanza, walipoketi naye kimya!

Daktari alimwambia mama ameze dawa ya maji asubuhi. Akamkataza kujinunulia vidonge vya usingizi dukani. Chumvi apunguze, hata ule munyu wa majivu tunaotilia mboga alitaka kuelezwa habari zake. Ajipime uzito kila asubuhi kabla ya chai, na ukiongezeka kilo 2 katika siku 3, au akihitaji mto mwingine ili apumue, arudi upesi asingoje siku ya kliniki. Mizani ilinunuliwa na akina mama wa kanisa. Vijana humtekea maji.

Sasa hulalia mito miwili. Jumapili bado husinzia mara nyingine, na shemasi humwekea kiti chenye egemeo karibu na dirisha.

Na tuombe. Ee Bwana, uwakumbuke walioketi vitandani usiku huu wakingoja kuche. Amina.