Siku ya Shwari Baharini

Masheha, walimu, wazee wetu na ndugu zetu wa Kiwengwa,

Ninyi mwakaa mbele ya bahari kuu, nayo tufani mwaijua. Leo twataka kuzungumza nanyi habari ya shwari, maana wengi huiona kuwa ni raha tu.

Majahazi ya zamani yalikuja Unguja kutoka Arabuni kwa kaskazi, yakarejea kwa kusi. Asili ya pepo hizi ni nchi kubwa ya Asia: wakati wa baridi yake upepo hutoka huko kuja kwetu; jua likiipasha moto nchi ile, upepo hugeuka ukaelekea huko. Kati ya misimu hiyo miwili ndipo malelezi: upepo hulegea, pengine hukatika kabisa, na tanga huning'inia tu katika foromali.

Hapo hatari ni mbili. Ya kwanza ni maji ya kunywa. Chombo hakiendi, lakini watu hawaachi kunywa. Mwaka 1981 jahazi Sohar, lililoundwa Sur katika nchi ya Oman kwa mbao zilizoshonwa kwa kamba za usumba, mfano wa mitepe yetu ya kale, lilishikwa na shwari kati ya Sri Lanka na Sumatra, likienda China. Mkuu wa safari, Tim Severin, na mabaharia wake, miongoni mwao Waomani, walikinga maji ya mvua wakanywa, wakavua papa wakala. Na China wakafika mwaka uo huo.

Hatari ya pili ni mkondo. Upepo hulala, mkondo haulali. Katika pwani yetu mkondo huenda upande wa kaskazini mwaka mzima. Asiyetazama alama za nchi kavu hudhani amesimama, kumbe anachukuliwa. Ndiyo sababu manahodha, wakiwa karibu na mwamba, walitupa bildi kupima kina, wakateremsha mashua ili watu wavute makasia na kukikokota chombo.

Basi kila atokaye nje ya mwamba na achukue maji kupita haja ya siku moja, na kasia zima, ijapokuwa asubuhi upepo ni mwema. Na maji yagawanywe sawasawa tangu mwanzo, si yakaribiapo kwisha, kwani penye kiu ugomvi hauko mbali.

Tufani huja kwa kishindo, kila mtu akajihadhari. Shwari haina kishindo. Haya ndiyo tuliyotaka kuwaambia, nasi twawatakia safari za salama.